Goli Nililojifunga Fainali ya 1953

Niliwahi kujifunga goli nikiwa peke yangu, hakuna adui karibu, watu elfu mbili wa Nakuru wakinitazama.

Makusudi.

Na mwezi huohuo nikabeba kombe.

Juzi kuna mjuaji ameposti hapa eti "Obura, beki na kapteni wa timu ya Reli, alifanya kosa moja tu maisha yake yote." Ameweka na picha yangu. Mmegonga like mia nne.

Kosa? Kaa chini nikueleze, mtoto wa shule. Nina miaka tisini na tatu. Magoti yameisha, lakini kichwa hakijaomba likizo.

Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Wakikuyu walikuwa wakitolewa Nakuru na kurudishwa Riziva, yale maeneo waliyotengewa na serikali, wamepangwa kwenye malori kama viazi. Fundi, mpishi, mzee wa kanisa, wote juu.

Wote isipokuwa anayejua kudaka mpira.

Golikipa wetu aliitwa Kinyanjui. Bwana wetu wa Reli alilitaka lile kombe kuliko alivyoitaka mbingu, akaenda mwenyewe ofisi ya vibali. Karani mzungu, mvivu, hakuandika tarehe. Aliandika kwamba Kinyanjui na mkewe wakae Nakuru mpaka kombe liishe.

Mpaka kombe liishe. Hayo ndiyo maneno.

Na bibi yake Nyakio alikuwa na mimba ya miezi minane. Wiki mbili nyuma, mwanamke wa landhi ya pili, zile nyumba za wafanyakazi wa Reli, alipakiwa lori akiwa hivyo hivyo. Mtoto walimzika Gilgil, kando ya barabara.

Fainali tukapangiwa timu ya mashamba ya Subukia.

Dakika ya themanini na tano tunaongoza moja bila. Watu wanaimba jina langu. Ndipo nikamwona Kinyanjui pale golini, amesimama kama mtu anayesomewa hukumu. Mtu mmoja tu uwanjani hakutaka tushinde, na alikuwa golikipa wetu.

Mpira ukanijia. Nikageuka, nikaupiga kona ya chini ya goli letu, asiyoweza kufika.

Moja moja. Sheria ilisema sare irudiwe Jumamosi ijayo.

Nilitukanwa kwa lugha sita. Mama mmoja muuza ndizi alinishauri nikanunue miwani. Bwana wangu akaniambia kwa huruma kwamba Mwafrika huchoka akili kabla ya miguu. Nikamjibu ndiyo bwana.

Jumamosi ya pili tukafika mbili mbili, nami nawaza tukiongoza nijifunge vipi tena bila kufungwa jela. Dakika ya mwisho Subukia wakapewa penalti. Kapteni wao, Kipketer, mkamua ng'ombe mwenye mguu wa kuvunja mlango, akauweka mpira chini.

Akaupiga karibu na kibendera cha kona.

Kipenga kikalia. Nikamfuata.

"Kapteni," nikamwambia, "hata ng'ombe wako angefunga ile."

Hakucheka. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye soksi.

"Na wewe kapteni, lile lako la wiki jana?" akasema. "Nyinyi mko na nani?"

"Golikipa. Bibi yake yuko karibu kujifungua."

"Sisi ni namba saba, Mathenge. Mama yake yuko hospitali hapa, hatoki. Hana mwingine."

Kumbe. Bwana wao pia alitaka kombe. Karani ni yuleyule, maneno ni yaleyale.

Jumamosi ya tatu wazungu wakachoka. Wakatangaza kwamba leo ikiwa sare, itarushwa shilingi, mshindi apatikane. Kipketer akanitazama kutoka upande wa pili. Nyakio alikuwa bado. Mama ya Mathenge alikuwa bado anapumua.

Sasa sikiliza. Uwanja wetu ulipakana na reli. Mimi kazi yangu ilikuwa kutengeneza breki za mabehewa, na nilijua saa za treni kuliko siku za kuzaliwa za ndugu zangu. Ya mizigo ya Kisumu ilipita saa kumi na moja na robo, mabehewa wazi.

Saa kumi na moja na robo, bado dakika ishirini mechi iishe, moshi nikauona. Nikamwambia Kipketer anipe mpira. Akanipa, kapteni wa adui, taratibu, kama anayempa mgeni kikombe cha maziwa.

Nikaupiga.

Ulipaa juu ya mashabiki, juu ya ua, ukatua ndani ya behewa la kokoto. Ukaenda Kisumu.

Mpira wa mechi ulikuwa huo mmoja. Wa pili ungetoka Nairobi. Refa akaivunja mechi. Gazeti likaandika kwamba ni pigo baya kuliko yote katika Bonde la Ufa.

Mpira mpya ulichukua siku kumi na moja.

Siku ya nne Mathenge alimzika mamake, kwa mikono yake. Siku ya tisa Nyakio alijifungua landhini, msichana, sauti kama ya king'ora.

Basi safari hii tukacheza mpira kweli. Kipketer alinipiga teke ambalo hadi leo mvua ikinyesha nalisikia. Tukashinda moja bila, nikapewa kombe na mkono wa mzungu aliyesema timu hizi mbili zimejifunza mwishowe kutaka ushindi.

Jumatatu lori likaja. Kinyanjui na Mathenge walipanda pamoja, mtoto katikati yao, Nyakio akiwa ameketi juu ya magunia. Tulibeba kombe miaka mingine minne. Golini alisimama mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe mjuaji, futa ile posti. Na ukimwona mtu anakosa goli la wazi, kabla ya kumzomea, uliza kwanza kipenga kikilia ni nani anapakiwa lori.