Jokhani, Mwandishi wa Hati Anayedai Jina Kamili

Saa nne asubuhi, geti la mahakama ya wilaya linafunguliwa. Nje ya ukuta, Jokhani Tharu, 44, amekwisha kupanga karatasi, kalamu na wino wa dole gumba juu ya meza yenye mguu mbovu. Mteja wake wa kwanza analia.

Ni Sugiya Chaudhary, mkulima. Mumewe alichukuliwa na polisi siku sita zilizopita, ilhali sheria ya Nepal inataka mtuhumiwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa ishirini na nne. Ombi aliloandikiwa kwingine liligonga mwamba: polisi walijibu kwamba hawamshikilii mtu wa jina hilo.

Jokhani analisoma, anashika kichwa. "Ala! 'Baba Kisan'? Mdogo wangu, polisi wamjulie wapi Kisan?"

"Ndivyo ninavyomwita, dada. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Mtaje jina."

Sugiya anavuta mtandio usoni. Kwao mke hamtaji mume. Wazee husema ni kumfupishia maisha.

"Na huko aliko yanarefuka?" anauliza Jokhani.

Sugiya ananong'ona: "Lautan."

"Sijasikia."

"Lautan Chaudhary!" Muuza chai anageuka kutazama.

Jokhani humsomea mteja hati mara tatu kabla hajaweka dole. Ana sababu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliweka dole kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Karatasi hiyo ikampeleka Jokhani kwa tajiri mmoja, akafanya kazi za ndani miaka kumi na miwili bila mshahara. Alijifunza kusoma akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Leo hutoza rupia mia tatu kwa hati. Sugiya hakutozwa kitu.

Kesho yake niko mahakamani, benchi la nyuma. Hakimu anauliza: Lautan Chaudhary yuko wapi? Safari hii polisi hawana pa kutokea. Saa tisa analetwa, anachechemea. Hakimu anaamuru aachiwe papo hapo. Nimeandika habari za mahakama miaka kumi na tisa, lakini mwili ulinisisimka. Karatasi moja tu ya mezani kwa Jokhani, na mtu amefunguliwa pingu!

"Nani kanitaja?" Lautan anauliza nje.

"Mimi," anajibu Sugiya. "Na wakikurudia nitakutaja tena."

Jokhani hakuyaona hayo, alikuwa kazini. Mwezi ujao atafanya mtihani wa darasa la kumi, halafu anataka kusomea sheria. Namwambia itamchukua miaka minane.

"Nitakuwa na hamsini na mbili," anasema, huku akimvutia mteja mwingine kiti. "Haya, mama. Jina kamili."