Nyumba Yetu Mchana

Kwa karibu mwaka mzima, mimi na mke wangu tuliishi katika nyumba tusiyoijua mchana. Tulikuwa tumejenga pembeni mwa mji wa Busia, upande ambao miaka michache nyuma ulikuwa mashamba ya muhogo na mtama, na sasa ni mageti meusi, kuta za mawe na matangi ya maji yaliyosimamishwa juu ya vyuma. Mimi nilifanya kazi Kisumu. Nilitoka kabla hakujapambazuka, nikarudi taa zikiwa zimewashwa. Mke wangu alikuwa Malaba, katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, naye alirudi na vumbi la malori kwenye nywele. Jumamosi tulikuwa sokoni na mjini, Jumapili ilikuwa kanisa, kisha kupumzika. Majirani nao walikuwa vivyo hivyo. Tulijuana kwa honi.

Ua wetu ulikuwa safi siku zote. Tukifika jioni, taa ya gari ilionyesha alama za ufagio kwenye udongo mwekundu, mistari iliyopinda vizuri kama nywele zilizochanwa. Mimi nilidhani mke wangu hufagia kabla ya kwenda kazini. Yeye alidhani ni mimi. Hatukuwahi kuulizana, maana nani huuliza kwa nini kwake ni safi?

Kisha nikavunjika mguu. Pikipiki ilinigonga nikivuka barabara pale Kisumu, nikafungwa plasta kuanzia pajani, daktari akaniambia nikae nyumbani hadi mfupa ushike. Asubuhi ya kwanza mke wangu aliniwekea chai kwenye chupa, magongo yangu karibu na kiti, akasema akivaa viatu, "Na leo uache kufagia. Usije ukaanguka na ufagio mkononi."

Nikacheka. "Si wewe unafagia?"

"Mimi? Nifagie saa ngapi?"

Tukatazamana. Honi ya gari lililokuja kumchukua ikalia nje. Akafunga geti kwa kufuli, akaenda.

Nilikuwa sijawahi kuusikia mtaa wetu ukiwa mtupu. Magari yalitoka moja baada ya jingine, mageti yakagongwa, halafu basi. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna redio, hakuna kuku. Mabati yalilia jua lilipoanza kuyapasha moto. Kwa mbali, kwenye barabara kuu, malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani yalikuwa yakipumua breki. Nilijiona kama mtu aliyesahauliwa kanisani baada ya ibada, mlango ukafungwa kwa nje.

Chai ikiwa haijapoa nikasikia ufagio.

Ulianzia upande wa jikoni. Shwaa, ukanyamaza. Shwaa, ukanyamaza. Nilijikokota hadi dirishani. Alikuwa mwanamke mzee, miguu mitupu, leso amejifunga juu ya gauni, mkono mmoja kauweka mgongoni na mwingine umeshika ufagio wa vijiti. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: mke wangu ameajiri mtu na amesahau kuniambia. Kisha nikakumbuka kufuli.

Nikaendelea kumtazama. Hakuwa anafagia ua niliouona mimi. Alifika mahali peupe, pasipo na kitu, akapazunguka kwa uangalifu kama mtu anayezunguka ghala. Mbele kidogo akainua mguu, kama anayevuka kizingiti. Na katikati ya ua, juu yake ikiwa mbingu tupu, akainamisha kichwa jinsi watu wanavyofanya wakipita chini ya ukingo wa paa la nyasi.

Nilifungua mlango. "Mama, mulembe," nikamsalimia kwa Kiluhya.

Akajinyoosha. "Mulembe, mgeni. Mbona umesimama? Karibu." Akanionyesha kiti changu mwenyewe, pale barazani. "Keti. Mguu umefanya nini?"

"Pikipiki, mama."

"Pole sana. Usiuning'inize, utavimba."

Nikaketi. Ningeweza kumuuliza ameingiaje, lakini sauti yake ilikuwa ya mwenye mji, na mbele ya mwenye mji mtu hukaa anapoonyeshwa. Niliinua mguu kwanza, ndipo nikauliza, "Mama, umepitia wapi?"

"Kuingia kwangu? Nimepitia mlangoni." Kisha akashusha sauti. "Ongea pole pole. Mzee amelala."

"Mzee gani?"

Akaelekeza ufagio nyuma yangu, kupitia mlango niliouacha wazi, hadi sebuleni, kati ya kochi na televisheni. "Kichwa kiko upande ule. Siku hizi watu wanatembea juu yake. Halalamiki. Alikuwa mtu mpole toka zamani."

Niligeuka kutazama. Niliona taili, meza, kikombe changu. Nilipogeuka tena alikuwa amekwisha kupinda kona ya jikoni, na ufagio ukanyamaza. Nilimfuata kwa magongo, nikihema. Nyuma ya jikoni kulikuwa na ukuta mrefu kunishinda na kamba ya kuanikia nguo. Geti lilikuwa na kufuli yake. Udongo wote ulikuwa na alama mpya za ufagio, na juu ya alama hizo hapakuwa na unyayo wa mtu, ila matundu ya magongo yangu.

Jioni nilimweleza mke wangu. Nilitegemea anicheke, aseme ni dawa za maumivu. Hakucheka. Alivua viatu, akaenda sebuleni, akapiga magoti na kugonga taili kwa mpini wa mwiko, moja baada ya nyingine. Kati ya kochi na televisheni mlio ulibadilika.

"Unakumbuka fundi alisema nini hapa?" akauliza.

Nilikumbuka. Alisema udongo wa hapo ulikuwa laini kuliko pengine, akalazimika kumwaga kokoto mara mbili. Tulidhani ni shimo la mchwa.

Tukasogeza kochi. Kuanzia usiku huo tulipita kando.

Yule mama mzee alikuja tena kesho yake, na siku nyingi zilizofuata, kila mara mtaa ukishatulia. Jumamosi na Jumapili, mke wangu akiwa nyumbani, hakuja. Ningependa kusema nilizoea. Ukweli ni kwamba kila asubuhi nilitamani asije, na alipochelewa nilijikuta nimetega sikio. Alizungumza akifagia. Mumewe alikuwa akileta omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port kwa baiskeli, mifuko imefungwa nyuma, na kengele yake ilijulikana tangu barabarani, hata paka walitangulia kumpokea. Alicheka akisema hayo. Kisha alisimama, akatega sikio, kama mtu anayesubiri kengele, na mimi nami nilitega.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, wewe unakaa wapi?"

"Si hapa."

"Yaani sio hapa?"

"Si ni hapa, mwanangu. Unaona nakaa wapi?"

"Na usiku?"

Hapo akafikiri. Uso wake ukawa kama wa mtu anayekumbuka ndoto. "Usiku wananiweka nyuma ya soko. Kwa msichana wangu. Mlango wa bluu."

Jumamosi mke wangu alinishika mkono tukaenda kuutafuta mlango huo. Nyuma ya soko kuna vyumba vya kupanga vilivyoshikana, maji machafu yakipita katikati. Mlango wa bluu ulikuwa mmoja. Mbele yake mwanamke wa makamo alikuwa akichagua omena kwenye beseni, akitupa mchanga pembeni. Tulimsalimia. Alisema huwa anavuka na omena hizo kwenda kuuza ng'ambo, upande wa Uganda, na kama tunanunua tuamue haraka.

"Tumekuja kumwona mama," nikasema.

"Mama yangu? Mnamjulia wapi?"

"Huwa anakuja kwetu."

Alicheka bila furaha. "Boss, umekosea mlango. Mama hajatoka kitandani tangu alipopatwa na kiharusi. Upande mzima umekufa. Ni mimi namlisha, ni mimi namgeuza. Nikivuka, nafunga huu mlango kwa nje, jirani anabaki na funguo."

Mke wangu akamweleza tunakoishi: nyumba yenye paa la kijani, karibu na kisima kilichozibwa. Mikono ya yule mwanamke ikakoma ndani ya beseni.

"Hapo ni kwetu," akasema. Akajisahihisha. "Palikuwa kwetu. Baba alipokufa, baba mdogo aliuza. Tulimuuliza, na kaburi? Akasema atalihamisha. Halikuwa na simiti, ni udongo tu na mawe. Tulipopita tena tulikuta pamelimwa, hata hatukujua tusimame wapi. Yeye mwenyewe alishakufa, hatuna wa kuuliza."

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia, nzito, maneno yakivutwa na mdomo usiofunga vizuri.

"Mgeni. Umeuweka juu huo mguu?"

Mke wangu alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Binti wa yule mama alisimama, omena zikamwagika. Alifungua pazia. Kitandani alilala mwanamke niliyemfahamu, ila alikuwa nusu ya yule wa uani kwangu: amekonda, jicho moja limelegea, mkono mmoja umekauka kifuani. Jicho zima lilinitazama kama linavyomtazama mgeni aliyezoeleka. Kisha likamhamia mke wangu.

"Na wewe ndiye unatoka bila kuaga," akamwambia.

Mke wangu, ambaye mbele ya madereva wa malori hakosi jibu, alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama," akasema. "Sikujua kuna mtu."

Baada ya hapo binti yule alikuja kwetu na jamaa zake wawili watatu kutoka Marachi. Walisimama sebuleni wakiwa wamevua kofia. Mmoja alisema tuvunje sakafu, mifupa ihamishwe, paombewe. Mwingine alisema mtu aliyelala miaka yote hiyo haamshwi ovyo. Mimi nilikuwa tayari kuvunja hata siku hiyo hiyo. Ni mke wangu aliyesema, "Mwenyewe yuko hai. Si aulizwe?"

Alikwenda kumuuliza peke yake. Alirudi macho yamemvimba. "Anasema tusimwamshe mzee. Anasema siku yake ikifika, apelekwe yeye kwa mzee."

Yule mama aliendelea kuja. Plasta ilitolewa, nikaanza mazoezi ya kutembea uani, yeye akifagia mbele yangu ili nisijikwae. Sasa nilijua ghala lilikuwa wapi na mlango wake ulitazama wapi, nami nilianza kupazunguka, nikainamisha kichwa pale alipoinamisha. Mke wangu aliniona siku moja kupitia dirishani akiwa nyumbani mgonjwa, siku ambayo mama hakuja. Aliniambia baadaye kwamba alichoniona nikifanya kilimtisha kuliko yule mama, ambaye uani kwetu yeye hakumwona kamwe.

Halafu ikaja asubuhi ya mvua. Mtaa ulitulia, nikakaa barazani, chai ikapoa. Majani ya mparachichi wa jirani yalikuwa yameangukia upande wetu na yakabaki yamelala palepale. Nilijua kabla simu haijalia. Binti alikuwa akiongea kutoka ng'ambo, sauti ikikatika. Jirani mwenye funguo ndiye aliyemkuta.

Ndugu zangu walipinga azikwe kwetu. Walisema hakuna mtu mwenye akili anayekaribisha kaburi la mgeni kwenye ploti yake, tena mbele ya watoto watakaozaliwa. Mke wangu aliwajibu kwa upole kwamba sisi ndio wageni, kisha akaenda kuwaonyesha wachimbaji mahali: nje ya ukuta wa sebule, karibu na mzee kadiri ukuta ulivyoruhusu.

Tulimzika siku ya kazi. Majirani wengi walichukua ruhusa, nadhani zaidi kwa kutaka kuona. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuonana nyuso juani. Watu walishikana mikono juu ya udongo wa kaburi wakijitambulisha, huyu wa geti jeusi, yule wa tangi kubwa, wakishangaa kwamba wameishi pamoja muda wote huo.

Baadaye, wanawake wakigawa chai, jirani wa mkabala wetu alikuja kuketi kando yangu. Ni bwana mrefu mwenye miwani, naye kazi yake iko Kisumu. Alikunywa kidogo, akatazama watu, akaniuliza bila kugeuza uso, "Kwenu alikuwa huyu peke yake?"

"Peke yake. Kwa nini?"

"Kwetu ni wawili. Na mtoto."

Niliweka kikombe chini. "Umewauliza wanakaa wapi?" nikasema. "Sisi tuliuliza, ndiyo tukampata."

"Mke wangu aliuliza, alipokuwa likizo ya uzazi. Walisema hapa."

"Na usiku? Uliza na usiku."

"Aliuliza." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Walisema usiku pia ni hapa."

Alimaliza chai, akamshukuru mke wangu, akavuka barabara ya murramu isiyo na lami akikwepa madimbwi. Nilimwona akitoa ufunguo mfukoni. Hakuutia kwenye kufuli. Alisimama mbele ya geti lake mwenyewe, akabisha hodi, akangoja.