Amani ya Ofisi ya Kata

Mara ya kwanza shemeji alimpiga dada yangu kwa mkanda, mara ya pili kwa waya wa pasi, na sisi nyumbani Lizaboni tukasema ndoa ni kuvumiliana. Naandika haya nikiwa na hasira, sifichi. Siku aliyomkaba koo mbele ya wanawe mpaka yule mdogo akajikojolea, dada alitembea kwa miguu kutoka Ruhuwiko, shingo imevimba, akaingia kwenye kibanda changu cha ushonaji.

"Mdogo wangu, nataka talaka," akasema. "Nikikaa pale ataniua."

Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya watoto. Sisi ni Wakatoliki tangu babu. Lakini padri mwenyewe, alipoiona ile shingo, alimwambia akae mbali na yule mwanamume, kwamba hakuna sakramenti inayomlazimisha mtu asubiri kuuawa. Tukashika njia ya sheria. Mahakama haikutaka shauri la talaka mpaka baraza la kata liandike kwamba limejaribu kuwapatanisha likashindwa. Basi tukaenda ofisi ya kata.

Mwenyekiti wa baraza ni jirani yetu, na ndiye pia kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeongoza rozari msibani, na kaburi alilichimba kwa mikono yake. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Alikaa chini ya nembo ya taifa akafungua kikao kwa ishara ya msalaba. Dada akaeleza yote, kisha akashusha kanga ili shingo ionekane. Shemeji akalia. Wanaume wa aina yake wanajua sana kulia.

"Ndoa hii aliifunga Mungu," mwenyekiti akasema. "Mimi siwezi kuandika hapa kwamba imeshindikana. Serikali isipomsikiliza Mungu, itamsikiliza nani?"

Mjumbe mmoja, Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakohoa. "Mwenyekiti, hapa ni serikalini. Leo ukileta altare yako, kesho na mimi nitaleta msikiti wangu, na huyu mama atapigwa sisi tukibishana."

Wenzake wakacheka. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha mikono vilevile anavyofanya padri misani, akasema, "Mpeane amani."

Na dada akatoa mkono! Aliyekulia kanisani anajua, mkono wa amani haukataliwi, unatoka wenyewe kabla hujafikiri. Shemeji akaushika. Mwenyekiti akaandika kwamba wamepatana, akatutakia Jumapili njema.

Jumapili hiyo haikufika. Dada alirudishwa Ruhuwiko, na siku ya tatu shemeji akamuuliza ni mkono upi ulioshusha kanga mbele ya watu. Akaulaza kwenye ukingo wa kinu, akaupiga kwa mchi. Akaupiga tena. Jirani aliyemtoa pale anasema mfupa ulisikika kabla ya yowe.

Nilipopata habari nilikuwa nakata kitambaa, na nilitoka na mkasi uleule. Nilimkuta shemeji anakula ugali kwa dagaa. Anakula! Nilimchoma begani, damu ikadondokea kwenye dagaa wake, na ningemchoma shingoni kama majirani wasingenidaka. Sijutii. Polisi walimchukua yeye, mimi wakaniachia kwa onyo, lakini haukupita muda wanajumuiya wakaenda kumwekea dhamana, eti mambo yaishe kindugu. Mkuki kwa nguruwe. Ungekuwa mkono wa binti zao, udugu huo tusingeuona.

Siku hizi nasikia watu wakisema nchi itawaliwe kwa imani yetu, maana ndiyo ya kweli. Mimi naamini. Nafunga Kwaresima, nasali kabla ya kukanyaga cherehani. Nataka Mungu anitawale mimi, tena kwa ukali, maana nina kichwa kigumu. Ila pale ofisi ya kata niliona kwamba Mungu akikalishwa kwenye kiti cha serikali, anayesema ni mwenyekiti.

Tulirudi barazani dada akiwa amefungwa hogo, plasta nzito kutoka kwenye vidole mpaka kiwikoni. Mwenyekiti aliitazama, akainamisha macho. Nilidhani sasa ataandika. Akafungua kwa sala, akamkaripia shemeji, shemeji akalia tena. Kisha, Yesu wangu, mwenyekiti akasimama akanyoosha mikono.

"Mpeane amani."

Dada akainua hogo lake kumwonyesha kwamba mkono haupo.

"Hata wa kushoto unafaa, mwanangu," akasema.

Dada akauficha mkono wa kushoto mgongoni. "Shikamoo, mwenyekiti," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Huu sitoi. Huu nimebaki nao wa kulelea watoto."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mwingine, mama mtu mzima ambaye kikao cha kwanza hakufungua mdomo, akamsogezea mwenyekiti kalamu. "Andika tumeshindwa, baba. Usipoandika leo tutamzika, na wewe ndiye utakayeongoza rozari."

Akaandika. Alichukua muda mrefu, lakini aliandika.

Jumapili iliyofuata kanisani tulikaa benchi la nyuma ya mwenyekiti. Baada ya Baba Yetu padri akasema tupeane amani, na mwenyekiti akageuka, mkono mbele, kwa mazoea tu. Alipotuona akataka kuurudisha. Dada akamwahi. Akaulaza mkono wa hogo juu ya kiganja chake, wote, na uzito wake wote, akamtazama machoni.

Mwenyekiti hakujua aushike vipi wala auachie vipi. Aliubeba hivyohivyo, jasho likimtoka, mpaka kwaya ilipoanza kuimba Mwanakondoo.