Kompaila niliweka mimi, kazi akapoteza Nekesa

Admin, chapisha hii, ila jina langu na la ofisi yetu yabaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, kabila langu Japadhola, kwetu Kiyeyi, Tororo, sijaoa. Nafanya kazi Busia, upande wa Uganda, kwenye shirika dogo linalowapigia wakulima simu za sauti zilizorekodiwa, kuwaambia kwa lugha zao mvua inakaribia lini na wapande nini. Wiki ya tatu hii situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda.

Watu wa kompyuta ofisini tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja nitakayemwita Nekesa. Yeye ni wa upande wa Kenya, alikuwa anavuka mpaka kwa miguu kila asubuhi na bado ananitangulia kufika. Mengi ninayojua alinifundisha yeye, hilo sifichi. Zile simu zinatoka kwenye kompyuta moja ya mezani, kwa programu tuliyoandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Ndani yake kuna kipande cha kusafisha sauti, tunakiita moduli, kimeandikwa kwa lugha nyingine, C. Kila tukiigusa ni lazima ijengwe upya kwa kompaila, yaani programu inayogeuza tulichoandika kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha.

Alhamisi moja Nekesa hakuwepo. Nikaweka kwenye mashine hiyo kompaila yangu ya zamani, ile ya chuoni, nijaribu kazi yangu binafsi. Kazi ikanishinda, nikaiacha, na kompaila sikuitoa. Kesho yake Nekesa akaweka toleo jipya la Python. Jumatatu tukataka kuongeza sauti za Kisamia kwa ajili ya watu wa Lunyo na Buhehe. Moduli ikakataa kujengwa, skrini ikajaa makosa kutoka juu mpaka chini, na bila moduli simu hazitoki hata moja.

Tulihangaika siku mbili. Nekesa alirudisha Python ya zamani, ikakataa. Akafuta Python na programu yetu yote akaanza upya, ikakataa. Mvua ilikuwa imeshaanza na wakulima wanatupigia kuuliza mbona tumenyamaza. Jumanne mchana akageuza kiti, akaniangalia.

"Kuna kitu kingine uliweka kwa hii mashine? Hata kama ni kidogo, we niambie tu."

Nikamwambia hapana. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilikumbuka vizuri, nikajiambia kitu kidogo vile hakiwezi kuleta shida kubwa hivi, na tena nikaona aibu kusema nilitumia mashine ya ofisi kwa mambo yangu.

Jumatano mkurugenzi akatuita. Si mtu mkali, lakini siku hiyo wafadhili walikuwa wamempigia na uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza nani alishika mashine mwisho. Nekesa akasema bila kuzunguka kwamba yeye ndiye aliyebadilisha Python siku ya Ijumaa, ila haoni kama shida inatoka hapo. Mkurugenzi akanigeukia mimi.

Nikasema, "Kabla ya Ijumaa ilikuwa inafanya kazi, mzee."

Ukiyapima maneno yale huwezi kuyaita uongo, na labda ndiyo maana yananitafuna hivi. Nekesa aliambiwa asirudi tena. Alikunja shali yake, akaniaga, akaondoka.

Alhamisi nikiwa peke yangu nikaiuliza kompyuta inatumia kompaila ipi. Ikanionyesha mbili, na ya kwanza ilikuwa yangu. Nilipoiweka ilijitia mwanzoni mwa orodha ambayo Windows hufuata ikitafuta programu. Kwa hiyo siku zote mbili tulikuwa tunajenga kwa kile kitu kikuukuu cha biti 32, na Python yetu ni ya biti 64. Hazipatani hata ufanye nini. Nikaitoa kwenye orodha, nikafungua dirisha jipya, nikajenga. Hata dakika mbili hazikuisha, ikapita.

Nilikwenda kwa mkurugenzi nikiwa nimeamua kusema. Nikamwambia mashine imepona. Akaniuliza Nekesa alikuwa ameharibu nini. Nikajibu ni mambo ya matoleo tu kutopatana. Akanipa mkono, akanishukuru, na kabla ya saa za kazi kwisha nikaambiwa nihamie meza ya Nekesa. Mama yangu kule Kiyeyi anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe amepandishwa cheo.

Jumapili iliyofuata Nekesa akaniandikia: "Bro, nimeskia ilipona. Shida ilikuwa nini? Nieleze nijue, nisirudie huko mbele." Hakuna hasira, hakuna lawama. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi na sijajibu. Mara mbili nimetoka wakati wa chakula cha mchana nivuke nikamwone, nikafika geti la mpaka, nikarudi.

Sasa ofisi moja ya upande wa Kenya inataka kumwajiri, na wameomba barua kutoka kwetu. Jana mkurugenzi akaniita akasema, "Wewe ndiye ulitengeneza, unajua aliharibu nini. Andika ukweli, mimi nitatia sahihi." Barua inatakiwa Ijumaa. Nimeandika mistari miwili, nikafuta, nikaandika tena, nikatoka nje kuzungukazunguka.

Nikisema, kazi naipoteza, na sidhani yeye watamrudisha. Nikinyamaza, atakosa na ile ya pili, kwa kosa langu, huku akiamini ni lake. Siombi mniambie mimi ni mtu mzuri. Naomba yule kati yenu aliyewahi kufukuzwa kwa kosa la mwenzake anijibu: ungetaka nianze na nani, mkurugenzi au wewe? Na nikifika mlangoni kwako, neno la kwanza niseme nini?