Wiki ya Jua Iliyoahidiwa na Redio

Enzi zetu pale Kebirigo, kijiji chetu cha nyanda za juu, habari za mvua tulimuuliza Mama. Asubuhi alisimama mlangoni na mwiko wa uji mkononi, akatazama upande wa ziwani, kisha akatuambia kama nguo zitaanikwa au la. Mvua ya saa tisa ilipotukuta tukitoka shule, tulivua viatu, tukajifunika majani ya ndizi na kwenda polepole kwa makusudi. Vijana wa leo wakidondokewa na matone matatu wanaita bodaboda.

Kisha Baba akanunua redio. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, aliisogeza sikioni asikilize hali ya hewa ya wiki nzima, nasi tukanyamaza kama tuko kanisani. Nilikuwa na miaka tisa siku mtangazaji aliposema nyanda za juu zitapata jua wiki yote. Baba aliruka kitini. Alikuwa akingoja wiki kama hiyo aondoe paa letu la nyasi na kuweka mabati.

"Baba Kerubo, mawingu haya siyapendi," Mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Moraa ni mchanga. Ngoja kidogo."

"Wewe unashindana na redio?"

Jumapili nyasi zikashushwa. Mabati yangefika Jumatano. Siku mbili usiku tulilala tukitazama nyota, na sisi watoto tukaona raha ya ajabu.

Jumanne mchana upepo ukageuka baridi. Mama alimchukua Moraa, mdogo wangu aliyekuwa na miezi miwili, akaingia naye chini ya meza, na mimi nikafuata nikiburuta blanketi. Mvua ya mawe ikashuka ndani ya nyumba yetu. Ilipiga meza mpaka hatukusikizana. Maji yakapanda, blanketi likalowa, Moraa akalia hadi sauti ikaanza kumkauka. Baba alisimama katikati ya chumba ameshika turubai lililochanika, hajui afunike wapi.

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa Mzee Ombati, jirani yetu, gunia kichwani. Kwa miaka miwili yeye na Baba hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba la chai. Hata sisi watoto tulikatazwa kuokota mapera kwake.

"Leteni watoto," alisema. "Huo mpaka tutaugombania kukikauka."

Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani atakataa. Kisha akamtoa Moraa mikononi mwa Mama, akamkabidhi Mzee Ombati, ambaye alimfunika kwa gunia na kukimbia naye.

Tulikaa kwake siku nne. Mkewe alimkanda Moraa kando ya jiko mpaka akanyonya tena, na ndizi za kupikwa za mama yule sijapata kuonja nyingine kama hizo. Mabati yalipofika, wanaume wale wawili walipanda juu pamoja, mmoja akishika, mwingine akigonga misumari. Mpaka wenyewe waliugombania tena baadaye, lakini kwa kusalimiana kwanza.

Sasa nimechoka, nasema ukweli. Mwanangu ananisomea simu: Jumatatu mawingu, Jumanne mvua, Jumatano jua. Mara nyingine ananiambia kunanyesha na mimi ndiye niliyelowa. Mwaka huu nimepanda mahindi mara mbili, na mara zote mbili mbegu zimeozea udongoni. Magoti yanauma, na sitaki tena kukisia.

Juzi ilinyesha kutwa nzima. Nilifungua pazia nikamwona jirani yangu, mwalimu aliyehamia hapa mwaka jana, naye amesimama dirishani kwake. Tulipungiana mikono. Nikajaribu kukumbuka jina lake, nikashindwa. Kila mmoja akafunga pazia lake, mvua ikaendelea.