Nilivyorudi kuogelea Ruaha Mdogo baada ya kukatwa mguu kwa kansa, miaka ya hamsini

Kamwene wakuu.

Juzi kuna member aliuliza humu kama mtu aliyetibiwa kansa anaweza kurudi kuogelea. Wengine mlimjibu vizuri, wengine mkaleta utani. Mimi nilikaa kimya kwa sababu jibu langu ni refu.

Mimi ni mzee, themanini nimeivuka kitambo. Mjukuu ndiye anayeandika, mimi naongea yeye anabonyeza. Ninayosimulia yalinipata mwenyewe. Penye aibu sitaruka.

Nilizaliwa Ipogolo, Iringa. Mto Ruaha Mdogo ulikuwa karibu kiasi kwamba masika tulikuwa tunausikia tukiwa ndani.

Nilipokuwa naanza kusimama, nilianguka kwenye mafiga. Mguu wa kushoto uliungua kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Ulipona, lakini ukabaki na kovu gumu, limejikunja, linang'aa kama plastiki iliyoyeyuka (plastiki nimeijua baadaye, enzi zile sikuwa na cha kulifananisha).

Kovu halikunizuia kuogelea. Kusema kweli, mtoni ndiko nilikokuwa mtu. Mto ukijaa, waliokuwa na mashamba ng'ambo walikuwa wananiita nivushe kamba, nifunge kwenye mti upande wa pili, ili wao wavuke wakiishikilia. Kijana mzima nasifiwa na wazee! Nilijiona sana.

Sasa nikiwa kijana wa kuoa kabisa, mchumba yupo, kovu likafunguka.

Lilianza kama upele unaowasha. Nikajikuna. Kikawa kidonda, hakifungi. Mama akawa ananiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Mganga akaja na dawa zake za unga. Nyama ikaanza kuota juu ya kidonda, mafundo mafundo, ukigusa inatoa damu.

Halafu ikaja harufu.

Wakuu, harufu ile siwezi kuieleza. Rafiki zangu walikuwa wanakuja kunisalimia, wanaangalia kwanza upepo unatokea wapi ndipo wakae. Mimi naona. Baadaye wakaacha kuja.

Dresa wa zahanati alipofunua kitambaa akakifunika tena haraka. Akamwambia baba, "Mzee, mpeleke Mbeya huyu. Usingoje kuvuna."

Tulipanda lori la mizigo, mimi nimekaa nyuma kabisa ili harufu ibaki nyuma. Jina la hospitali silitaji. Daktari alikuwa Mzungu, akanikata kinyama kidogo akakipeleka kwenda kupimwa mbali. Majibu yalichukua wiki nyingi. Siku hizi mnalalamika majibu ya kesho!

Huko wodini kitanda cha jirani alikuwepo Mnyakyusa mmoja anaitwa Ambakisye, mkulima wa mpunga Chimala. Alinizidi umri kidogo, ana mke na watoto. Yeye aliungua mkono wa kulia utotoni, na kovu lake lilifunguka kama langu. Tulikuwa tunalinganisha vidonda kama watoto wanaolinganisha magari ya mabua. Alikuwa mcheshi. Wodi nzima ilikuwa inamsubiri aamke.

Majibu yakaja ya wote wawili. Muuguzi ndiye alikuwa anatafsiri.

"Ni kansa," akasema. Baba akauliza kansa ni nini. Muuguzi akafikiri. "Ni nyama inayokula nyama nyingine. Mguu lazima ukatwe."

Baba akasema, "Mkiukata atatembeaje?"

Daktari alikuwa anaelewa Kiswahili kumbe. Akajibu mwenyewe, taratibu, "Nisipoukata, mwaka kesho mtambeba."

Baba akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kulisema hili. Sema wewe."

Nikasema wakate.

Ambakisye akakataa. Nilimbembeleza sana, akanijibu, "Wewe utatembelea gongo. Mimi jembe nitalishika na nini? Nikirudi na mkono mmoja, wanangu watakula huruma za watu?" Kesho yake akafunga mzigo wake kwa ule mkono wa kushoto, akaaga kitanda kwa kitanda, akaondoka. Hakuna aliyecheka siku ile.

Operesheni siwezi kuisimulia. Nililala mguu upo, nikaamka haupo, walikata juu ya goti. Na bado vidole vya mguu usiokuwepo vilikuwa vinaniuma. Niliogopa kusema, nikijua wataniona nimerukwa na akili.

Nikarudi Ipogolo na magongo mawili. Siku chache tu wakaja wajomba wa mchumba wangu. Waliongea na baba uani kwa heshima kabisa, wakanywa na chai. Walipoondoka, uchumba ulikuwa umekwisha. Siwalaumu sana. Ila yule binti sikumwona tena, na hilo liliniuma kuliko mguu.

Miezi ikapita nimekaa tu ukutani naota jua. Mto nausikia, siendi.

Ikafika siku ya kurudi Mbeya kuangaliwa. Daktari akanibonyeza kwenye kinena, akaridhika, hakuna uvimbe. "Ukiona uvimbe hapa, njoo siku hiyo hiyo." Kwa kweli nilijibonyeza pale kila asubuhi kwa miaka.

Wakati wa kurudi lori likasimama Chimala kupakia mpunga. Nikaulizia kwa Ambakisye. Nikaonyeshwa mwanamke anapepeta mchele sokoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi.

Nikajitambulisha. Aliangalia suruali yangu ilivyokunjwa na kufungwa pale juu.

"Ni wewe wa kitanda cha pili," akasema. "Alikuwa anakutaja."

Akanisimulia bila kuacha kupepeta. Kidonda kilipanda mpaka kwapani. Mwishoni mume wake alikuwa anawaomba ndugu zake wamkate mkono kwa shoka, lakini wakati huo hata kukata kusingesaidia. "Alikuwa anapiga kelele mpaka watoto niliwahamishia kwa shangazi yao," akasema. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikubali siku ile ile?"

Nikasema ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa. Akanifungia mchele kwenye kitambaa, nikitaka kuukataa akanilazimisha niupokee. Njia nzima nililia mle nyuma ya lori. Sikujificha.

Nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Nilimwambia mama, "Naenda mtoni." Hakunizuia. Alichukua kamba akanifuata.

Akanifunga kiunoni, yeye akashika ncha nyingine, akakaa chini na kukanyaga jiwe. Nikaacha magongo, nikashuka kwa makalio mpaka majini.

Wakuu, nilidhani mwili utakumbuka. Haukukumbuka! Upande wa kushoto ulikuwa mwepesi, nikabinuka kama gogo, uso chini. Napiga mguu ambao haupo, na nausikia unapiga. Nikanywa maji. Mama akanivuta mpaka kwenye matete, natapika, natetemeka kwa baridi.

"Basi?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Tukaenda kesho yake, na siku zilizofuata. Polepole nikajifunza kulalia ubavu wa kulia na kuacha mikono ifanye kazi. Siku niliyokata mto mpaka katikati na kurudi, nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau. Siyo furaha hasa. Ni kama mtu kaniita jina langu.

Lakini chini yetu kidogo palikuwa na mahali pa kuchotea maji. Wanawake wakaanza kunong'ona, halafu wakaacha kunong'ona.

Jirani yetu mmoja, Mama Tulia, mtu aliyenibeba utotoni, ndiye aliyesema kwa sauti. "Anatuoshea ugonjwa wake humu. Kesho utawaona watoto wetu wanakatwa miguu." Wenzake wakamwaga madebe yao chini, mbele yangu, mimi niko majini.

Nilitamani kuifungua kamba kiunoni. Nasema kweli. Niliwaza kwamba nikiifungua tu, mto utamaliza kazi.

Mama akaifunga kamba kwenye mti. Akaingia majini na nguo zake, hajui kuogelea hata kidogo, maji yakamfika kifuani. Akaja mpaka nilipokuwa, akaniegemeza bega lake. Akachota kwa viganja pale pale kwenye kisiki cha mguu wangu, akanywa. Akachota tena, akanywa.

Akawageukia. "Aliungua nikiwa nimempa mgongo. Leo simpi mgongo. Kama ni ugonjwa, nimeshaunywa. Nendeni mkasubiri nife."

Wakaokota madebe yao. Wakaondoka.

Msidhani walibadilika. Walihamia kuchota juu zaidi, na Mama Tulia hakuja kwetu tena mpaka anazikwa. Nami niliendelea kuogelea, kamba ikiwa mkononi mwa mama, mpaka siku aliponiambia mikono yake imechoka, niogelee bila yeye. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mke nilikuja kupata, ila nikiwa mtu mzima sana.

Sasa nimjibu yule member. Ndiyo, inawezekana. Daktari aseme kwanza kidonda kimefunga sawasawa. Usiende peke yako, na usitegemee mwili ule wa zamani, jifunze huu ulio nao. Na ukikutana na watu wa kumwaga madebe, ujue kansa haiambukizwi kwa maji. Wao ndio hawajui.

Waliopitia haya wenyewe au kwa mtu wao, andikeni hapa chini, mjukuu atanisomea zote.

Ila kama wewe unayesoma una kovu la moto la zamani na limefunguka halifungi, achana na komenti. Vaa viatu uende hospitali leo.