Mkono Niliouinua Kwenye Barabara ya Ziwa

Miaka ile ya vita, mtu aliyekimbia peke yake katika barabara za Bujumbura alikuwa na maelezo ya kutoa. Askari akiona mkimbiaji mmoja, aliamini anakimbia kosa, na si kila askari aliuliza kwanza. Ndiyo maana klabu yetu ilikimbia kwa kundi, bega kwa bega, tukiimba kwa sauti kubwa ili walio kwenye kizuizi watusikie kabla hawajatuona. Tuliimba vibaya sana. Mimi nilikuwa fundi wa magari nyuma ya mtaa wa Asiatique, kifua kimejaa moshi, na mpaka leo sijui kama nilijiunga kwa kupenda mbio au kwa kuchoka kukaa ndani.

Maana tulikuwa tumechoka, sisi sote. Tulichoka na usingizi wa vipande vipande, tulichoka kusikiliza milio ya milimani na kukisia iko umbali gani, tulichoka kuulizana kila asubuhi nani kahama mtaa. Saa ya amri ya kutotoka ikikaribia, mji mzima ulikunja virago na kujifungia. Jumamosi asubuhi tu ndipo tulipokumbuka kwamba miguu ina kazi nyingine zaidi ya kukimbia hatari.

Kulikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa. Aliyechoka aliinua mkono wa kulia, basi. Hakuulizwa kitu. Aliyeuona mkono alipunguza mwendo na kumfuata alipo, na kundi lote likapunguza. Hata aliyefunga kamba za kiatu tulimngoja, huku tukirukaruka palepale. Kapteni wetu, karani wa serikali aliyeishi Kigobe, mtu mkali asiyependa mzaha, alituambia siku ya kwanza: "Tunatoka wote, tunarudi wote. Mi sitaki kwenda kwa muke ya mutu kumuelezea eti tulimuacha njiani."

Mkono ulioinuka mara nyingi ulikuwa wangu. Walinitania kwamba naufanyisha mazoezi kuliko miguu.

Na mara nyingi aliyerudi kunichukua alikuwa muuza vitenge mmoja, mama mwembamba mwenye duka karibu na gereji yetu. Alikuwa na kasi kuliko wanawake wote wa klabu na zaidi ya nusu ya wanaume. Risasi zilipoanza kwao, alimpa mama yake mtoto wake wa pekee, msichana mdogo, avuke naye hadi Kigoma, upande wa Tanzania. Yeye alibaki kulinda duka, akidhani ni mambo ya mwezi mmoja. Kisha njia zikafungwa, meli zikaacha kubeba abiria, na ruhusa ya kusafiri ikawa kitu cha wenye majina makubwa.

Ndipo likaja tangazo la mbio. Kuanzia Mutanga Sud, kuteremka mjini, kufuata barabara ya ziwa mpaka pipa lililowekwa katikati ya njia, kulizunguka na kurudi kumalizia ufukweni. Mwanamke wa kwanza na mwanamume wa kwanza wangepelekwa Kigoma kushindana huko, kwa boti na karatasi zote.

Yule mama alikuja gereji siku hiyohiyo. Nilikuwa chini ya gari, nikaona viatu vyake tu.

"Kaka, mi sitaki kikombe yao," alisema. "Nataka ile boti. Mutoto alienda na miaka mbili, sasa iko na tano. Nikikawia tena, atasahau sura yangu."

Nilimwambia atashinda. Nilikuwa na hakika, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitamani kitu ambacho hakikuwa usingizi.

Asubuhi ya mbio kapteni alitukusanya. "Leo kila mutu na miguu yake. Hakuna kungoja mutu." Tuliitikia kama watoto wa shule. Alitupanga, filimbi ikalia, na yule mama akatuacha kwenye mteremko kabla sijapata pumzi ya pili.

Barabara ya ziwa ilikuwa tupu na ya kuchosha. Jua lilikuwa limeshapanda, askari wamesimama huku na huku, na mimi, kwa uzembe wangu, nilijikuta peke yangu, wa mbele wametoweka, wa nyuma hawajafika. Sikuwahi kukimbia hivyo tangu vita vianze. Askari mmoja alinitazama muda mrefu. Miguu ikawa mizito.

Hapo nikamwona yule mama anarudi kutoka kwenye pipa, anakuja upande wa pili wa barabara. Alikuwa anaongoza wanawake wote. Wa pili, mwanamke wa klabu ya jeshini, alikuwa mbali nyuma yake.

Sikuwaza. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe.

Naye hakuwaza. Alivuka barabara moja kwa moja, akanishika kiwiko, akapunguza mwendo ulingane na wangu. Tukawa tunaelekea kwenye pipa, yaani tunaupa mgongo mwisho wa mbio. "Pole pole, kaka. Vuta pumuzi," alisema. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilikuwa na pumzi ya neno moja, na badala ya kumwambia nenda, nilimwambia asante.

Yule wa jeshini alipopita, tuliusikia mlio wa viatu vyake. Mama aliniachia mkono, akageuka, akakimbia kama sijawahi kumwona mtu akikimbia. Alishindwa kwa hatua nne.

Kapteni alinifokea mbele ya watu, na alikuwa na haki. Yule mama ndiye aliyenitetea. "Apana, mumuache. Ni miguu yangu ndiyo ilivuka." Kisha akaenda kuketi mchangani, akawapa watu mgongo. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Miaka miwili ilipita kabla meli hazijaanza tena kubeba watu. Siku bibi na mjukuu waliporudi, mama aliniomba nimsindikize bandarini kubeba mizigo. Msichana alishuka mbele ya bibi yake, mrefu, nywele zimesukwa vizuri. Alitukuta tumesimama pamoja, akatuamkia kwa adabu kama watoto wa Kigoma wanavyowaamkia wakubwa wowote wanaokutana nao njiani.

"Shikamoo mjomba," aliniambia. Akamgeukia mama yake. "Shikamoo shangazi."

Mama yake aliitikia marahaba. Akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama safari ilikuwa nzuri.